Je, Tunaweza Kuahidi Mti Kwenye Shamba la Kuazimwa?

 

Majuma machache yaliyopita, baada ya ibada ya Jumapili, palitokea mabishano chini ya mwembe ulio mbele ya kanisa letu. Kijana mmoja alikuwa amesikia sokoni kwamba wakulima wengine wa nchi hii wanalipwa fedha kwa kupanda miti, kwa sababu miti hula moshi wa viwanda vya mbali. Akauliza, mbona sisi hatujiandikishi? Mzee mmoja akamjibu kwamba moshi ule hatukuuwasha sisi, na kila mtu abebe mzigo wake. Ndipo mama mmoja akasema neno lililotunyamazisha wote: "Mti unataka miaka kumi. Nani kati yetu anajua atakuwa wapi mwaka ujao?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Tumeona vema tulitafakari jambo hili pamoja nanyi, maana linagusa shamba, tumbo na dhamiri.

HEWA UKAA NI KITU GANI?

Hewa ukaa ni hewa inayotoka kitu kinapoungua. Imepewa jina kutokana na mkaa, yaani makala kama tunavyosema Kongo. Kila mmea huvuta hewa hiyo na kuigeuza kuwa shina, majani na mizizi. Kama nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni iliyotoka hewani. Mti ukichomwa, kaboni hiyo hurudi hewani. Majani yakioza shambani, sehemu yake hubaki udongoni, na udongo huwa mweusi, laini, wenye kushika maji.

Hewa hii ni kama blanketi juu ya dunia. Blanketi jembamba ni neema ya Mungu, maana bila hilo tungeganda kwa baridi. Lakini kabla ya viwanda kuenea, katika kila sehemu milioni moja za hewa, hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 hivi. Leo zimepita 420. Blanketi limekuwa zito, joto limezidi, na mvua imepoteza ratiba yake. Sisi tulio hapa Isingiro hatuhitaji kufundishwa ukame ni nini.

Kilimo nacho kina sehemu yake. Kilimo pamoja na ukataji wa misitu hutoa kama moja ya tano ya hewa zote zinazopasha dunia joto. Ng'ombe anapocheua hutoa hewa ya methani. Mbolea ya dukani ikizidi hutoa hewa nyingine kali zaidi. Na msitu unapofyekwa na kuchomwa, akiba ya miaka mingi hupaa juu kwa siku moja.

JE, MOSHI HUU SI WETU?

Mzee wetu alisema kweli kwa upande mmoja. Ukihesabu mafuta, gesi na makaa ya mawe yanayochomwa, Mmarekani mmoja hutoa zaidi ya tani 13 za hewa ukaa kwa mwaka. Mkongomani mmoja hafikishi hata kilo 100. Wenye kuchoma kidogo ndio wanaokosa mavuno. Huo ni udhalimu, na kanisa lisione haya kuuita kwa jina lake. Mtu asije kwetu akatufundisha kutubu dhambi yake.

Lakini hesabu hiyo haikuhesabu miti. Wengi wetu tumetoka Kivu. Tunakumbuka mwaka 1994, wakimbizi walipoingia Goma kwa mamia ya maelfu wakakaa Kibumba, Katale na Mugunga. Maelfu ya hekta za msitu wa Virunga ziliharibiwa kwa ajili ya kuni. Wakati ule sisi tulikuwa wenyeji. Tulinung'unika tukasema, watu hawa wanamaliza nchi yetu. Na baada yao biashara ya makala iliendelea, na wanunuzi walikuwa sisi wenyewe. Makala huleta hasara kubwa kuliko inavyoonekana, maana katika tanuri la udongo, kilo moja ya makala inaweza kumeza kilo 6 hadi 8 za kuni.

Leo wageni ni sisi. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2020, wapo kati yetu waliokata miti mbali na makazi ili wauze makala wanunue unga. Hatuwahukumu. Mama mwenye watoto wenye njaa hakati mti kwa ubaya. Lakini mwenyeji anayetazama kilima chake kikibaki upara anasema yale yale tuliyosema sisi kule Goma. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji wetu anapona?

Katika Wagalatia sura ya 6, Mtume Paulo anaagiza tuchukuliane mizigo, kisha mistari michache mbele anasema kila mtu atachukua furushi lake mwenyewe. Maneno hayo hayapingani. Moshi wa viwanda ni furushi la walioviwasha, na wao ndio wenye deni. Kilima tulichokikuta hapa ni mzigo wa jirani yetu, na huo tunapaswa kuubeba naye.

SHAMBA DOGO LINAWEZA NINI?

Wengi waliofika miaka ya karibuni wamepewa kiwanja kidogo, mara nyingi mita 30 kwa 30. Kuzunguka mpaka wake ni mita 120. Ukipanda mti kila baada ya mita 3, unapata miti 40 bila kupoteza nafasi kubwa ya maharagwe. Grevilea hutoa kuni na nguzo kwa kupogolewa matawi tu. Kaliandra na mlusina hulisha mbuzi na kurutubisha udongo.

La pili ni kuacha kuchoma mabua. Sisi tulirithi desturi ya kuwasha moto baada ya mavuno, tukaona shamba jeusi kuwa ndilo safi. Kumbe tunachoma mbolea yetu wenyewe. Mabua yakitandazwa juu ya udongo huzuia jua na kushika unyevu. Yakichanganywa na samadi na majivu ya jikoni huwa mboji. La tatu ni jiko la udongo linalookoa kuni. Mafiga matatu huacha moto mwingi uende na upepo.

Haya yote hupunguza hewa ukaa. Lakini hata kama hakuna mtu atakayetulipa, faida ya kwanza ni sufuria yetu.

NA FEDHA JE?

Habari aliyoisikia kijana wetu si uongo. Mwaka 1999 huko Mpwapwa, Tanzania, wakulima waliokuwa wakishirikiana na Kanisa la Anglikana walianzisha mpango wa vikundi vidogo vya kupanda miti uitwao TIST, ambao baadaye ulifika Kenya, Uganda na India. Hapa Uganda, shirika la ECOTRUST lilianza mwaka 2003 katika wilaya ya Bushenyi, katika nchi hii hii ya Ankole, kuwalipa wakulima kwa awamu katika miaka 10, miti ikikaguliwa kila awamu. Anayetoa fedha ni mtu au kampuni inayotaka kufidia moshi wake. Yeye hununua hati inayoonyesha kwamba tani fulani ya hewa ukaa imefungwa mahali fulani.

Tuhesabu kwa uaminifu. TIST iliwalipa wakulima kama senti 2 za dola kwa mti ulio hai kwa mwaka, kama malipo ya kutangulia kabla ya kugawana mauzo. Kwa miti yetu 40 hiyo haifiki dola moja. Huko Kenya ya magharibi, pande za Kisumu na Bungoma, mpango wa Vi Agroforestry wenye wakulima wapatao 30,000 ulipata mwaka 2014 hati za kwanza za hewa ukaa iliyofungwa udongoni, jumla tani 24,788. Ukigawanya, kila mkulima hafikishi tani moja, na bei ya tani ilikuwa dola chache. Kilichowanufaisha zaidi ni mavuno yaliyoongezeka.

Je, ni dhambi kupokea fedha hizo? Hapana. Mtenda kazi anastahili ujira wake. Lakini anayenunua hati ili aendelee kuchoma kama jana anafanana na mtu atoaye fungu la kumi ili aendelee kuiba. Jasho letu lisiwe kibali chake.

AHADI ILIYO KUBWA KULIKO SISI

Sasa turudi kwa mama yule. Hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo. Anayeuza hewa ukaa hauzi mti wa leo. Anauza ahadi kwamba mti utasimama kwa miaka mingi. Ardhi hii ni ya serikali. Tumepewa kuitumia, hatukupewa kuiuza. Wengine watarudi nyumbani amani ikija, wengine wataitwa kwenda nchi nyingine, na kiwanja kitapewa familia nyingine. Mhubiri sura ya 5 anatuonya kwamba ni afadhali kutoweka nadhiri kuliko kuiweka na kutoiondoa.

Kwa hiyo sisi tunaona hivi. Mtu asitie sahihi peke yake kwa miaka asiyoimiliki, hata fedha zikimvutia kiasi gani. Likija jambo kama hilo, liingiwe na kikundi, pamoja na wenyeji watakaobaki, na kwa ufahamu wa ofisi ya makazi. Karatasi isomwe kwa lugha tunayoielewa. Tuulize: mti ni wa nani tukiondoka? Nani atalipwa awamu ya mwisho? Na anayedai tumpe fedha kwanza ili atuandikishe, tumkimbie.

Lakini kutoahidi si sababu ya kutopanda. Katika Yeremia sura ya 29, watu wa Mungu walikuwa uhamishoni Babeli, na manabii wa uongo waliwadanganya. Bwana akawaagiza wajenge, wapande bustani, wautakie mema mji ule. Hakuwaambia ardhi ni yao. Katika Walawi sura ya 25 anawaambia hata wenye nchi kwamba nchi ni yake, nao ni wageni na wapitaji mbele zake. Basi mwenye shamba na aliyeliazima wote wako chini ya Mwenye nchi mmoja.

Wakimbizi wamekaa hapa Nakivale tangu mwisho wa miaka ya 1950. Walikuja Wanyarwanda, wakaja wengine, wengi wakaondoka. Mwembe tuliobishania chini yake tuliukuta umesimama. Aliyeupanda hatumjui, wala hakulipwa na yeyote. Watoto wetu wanakula matunda yake.

Mvua za msimu huu zikianza, kila nyumba ianze na miche mitano ya mpakani. Mungu awabariki.

Maswali kwa vikundi vya nyumbani:
1. Mwenyeji jirani yako akiulizwa habari zako, atasema kilima chake kimepona au kimeumia?
2. Ni nadhiri gani tumewahi kuweka kwa sababu ya shida, tukashindwa kuitimiza?
3. Nani atamwagilia miche yako ukiitwa kuondoka kesho?