Kuuliza ni Kujifunga: Maadili ya Kushauriana na Umma kwa Njia ya Kidijitali

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilipoanzisha ugatuzi, yaani mfumo wa kugawa mamlaka na fedha za umma kati ya serikali kuu na serikali 47 za kaunti, iliuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa katika Kifungu cha 10, na katika Kifungu cha 196 ikalitaka kila bunge la kaunti liwashirikishe wakazi katika kazi yake ya kutunga sheria. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, inapoorodhesha njia za kuutimiza wajibu huo, inaanza na majukwaa ya teknolojia ya habari na mawasiliano kabla ya kufikia mikutano ya hadhara na mbao za matangazo. Hata hivyo, limebaki swali la kimaadili ambalo haliwezi kuachiwa wataalamu wa kompyuta peke yao: mtawala anapomuuliza raia maoni yake, anakuwa amejifunga kufanya nini?

Zipo fikra mbili kuhusu thamani ya kushauriana. Fikra ya kwanza hukuona kuwa ni chombo cha kufikia uamuzi bora, na asili yake ni ya kale, kwa kuwa Aristotle, katika kitabu chake kuhusu siasa, aliitetea hoja kwamba watu wengi, kila mmoja akiwa na sehemu ndogo tu ya busara, wanaweza kwa pamoja kuamua vizuri kuliko mtu mmoja aliye mahiri. Kwa mtazamo huo, mkazi huulizwa kwa sababu anajua ni mtaro gani huziba masika yanapoanza na ni zahanati gani haina dawa, na hapo teknolojia hushinda bila taabu, kwani hukusanya maoni ya maelfu kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Lakini fikra hii ikifuatwa hadi mwisho wake hujiangusha yenyewe, kwa sababu kama kinachotafutwa ni taarifa tu, basi siku itakapowezekana kuzipata kwa kuchambua mienendo ya simu za watu, hakutakuwa tena na haja ya kumuuliza mtu yeyote. Fikra ya pili husema kwamba kushauriwa ni stahiki ya mtu mwenye akili na dhamiri, ambaye maisha yake yataguswa na uamuzi unaofanywa, na kwamba stahiki hiyo haikomi hata pale mtawala anapoamini kuwa analijua jibu.

Fikra hii ya pili ina mizizi mirefu katika mapokeo ya Kiislamu. Kabla ya vita vya Uhud vya mwaka wa 3 wa Hijria, sawa na mwaka 625, Mtume Muhammad alielekea kubaki na kujilinda ndani ya Madina, lakini wengi wa masahaba, hasa vijana, walitaka kutoka kumkabili adui, naye akaifuata rai yao. Waislamu wapatao 70 waliuawa. Aya ya 159 ya Sura ya Aal-Imran, ambayo wafasiri huihusisha na msiba huo, inamwamuru Mtume awasamehe na aendelee kushauriana nao. Kama thamani ya shura, yaani kushauriana katika mambo ya pamoja, ingekuwa katika matokeo yake tu, Uhud ungekuwa hoja nzito ya kuiacha, lakini agizo lilikuja baada ya hasara, likionyesha kwamba watu hawapotezi haki ya kuulizwa kwa sababu ushauri wao haukuzaa ushindi. Aya hiyo hiyo inamwachia kiongozi kukata shauri na kumtegemea Mungu, maana yake ni kwamba kushauriana hakumwondolei mzigo wa uamuzi wala hakumruhusu kujificha nyuma ya umati.

Biblia nayo, katika sura ya 12 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, inaonyesha upande wa pili. Watu wa Israeli walimwomba Mfalme Rehoboamu awapunguzie nira nzito ya baba yake Sulemani, naye akataka siku tatu za kutafakari, akawasikiliza wazee, kisha akalitupa shauri lao na kulifuata lile la vijana waliokua pamoja naye, na makabila kumi yakajitenga. Rehoboamu aliuliza, lakini aliipa uzito sauti iliyofanana na yake. Hatari hiyo huongezeka pale maoni yanapokusanywa kwa mtandao peke yake, kwa sababu wanaojibu kwa wingi ni wenye simu janja, fedha ya kununua vifurushi na ufasaha wa Kiingereza cha nyaraka za bajeti, ilhali ushuru unaojadiliwa utalipwa pia na muuza mboga asiye na lolote kati ya hayo. Mwaka 2014, Mahakama Kuu, kupitia Jaji George Odunga, iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa kukosa ushirikishwaji wa kutosha, na hukumu hiyo ikaeleza kwamba haitoshi bunge la kaunti kurusha ujumbe kama kwenye Twitter na kuwaachia wanaojali wautafute, bali linapaswa kuwafuata wananchi makanisani, misikitini, kwenye mahekalu, barazani na katika redio za lugha za wenyeji.

Haifai, hata hivyo, kulitukuza baraza la ana kwa ana kana kwamba halikuwa na udhalimu wake. Mara nyingi waliozungumza barazani ni wazee na wanaume, mjane hakuthubutu kumpinga chifu aliyekaa mbele yake, kijana alinyamazishwa kwa umri wake, na kiziwi hakuwa na mkalimani. Ujumbe unaotumwa kwa siri kutoka simu ya kawaida unaweza kumpa mtu kama huyo nafasi ambayo mkutano ulimnyima, na kwa sababu hiyo kuikataa teknolojia kwa jina la mila ni kuwanyima haki wale ambao mila iliwasahau. Kipimo cha haki, basi, hakiko katika chombo kinachotumiwa bali katika swali la nani bado hajasikika, na kila njia inapaswa kuchaguliwa ili izibe pengo la nyingine.

Kuna ugumu mwingine unaozidi ule wa idadi ya walioulizwa. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Phaedrus, Sokrates analalamika kwamba maandishi hayawezi kujibu yanapoulizwa, kwani husema neno lile lile daima na hayawezi kujitetea yasipoeleweka. Fomu ya mtandaoni ina upungufu huo huo, kwa sababu humpa raia nafasi ya kukubali au kukataa pendekezo lililokwisha kuundwa, lakini haimpi nafasi ya kuhoji sababu zake, wala kusikia hoja ya jirani yake na pengine kubadili msimamo. Mwanafalsafa wa Ghana Kwasi Wiredu, alipochunguza mabaraza ya Waashanti, alitofautisha uwakilishi wa umbo, ambao ni kuwa na mjumbe barazani, na uwakilishi wa kiini, ambao ni mawazo ya mtu kuzingatiwa ndani ya uamuzi wenyewe. Kaunti inayotangaza kwamba imepokea maelfu ya maoni imetoa hesabu ya umbo, na bado inadaiwa kiini.

Deni hilo hulipwa kwa majibu. Mwaka 2024, katika shauri la Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, ambalo lilihusu Bunge la taifa, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilishikilia kwamba Bunge lilipaswa kueleza sababu za kuyakubali au kuyakataa maoni ya wananchi, kisha Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Lakini mipaka ya lazima ya kisheria siyo mipaka ya wajibu wa kimaadili, kwa kuwa anayeuliza na kupokea jibu, kisha akaamua kinyume bila kueleza, amemtumia mwenzake kama pambo la uamuzi wake. Teknolojia ina uwezo mkubwa wa kuutimiza wajibu huu ikitakiwa kufanya hivyo. Jiji la Barcelona lilipoanza kulitumia jukwaa la Decidim mwaka 2016 kuandaa mpango wake wa maendeleo, lilipokea mapendekezo zaidi ya 10,000, yakiwemo yaliyotoka katika mamia ya mikutano ya ana kwa ana na kuingizwa humo, na raia aliweza kufuatilia pendekezo lake na kuona kama limekubaliwa au limekataliwa, na kwa nini.

Kwa hiyo serikali ya mtaa inayonunua mfumo wa kukusanya maoni inapaswa kwanza kujiuliza kama iko tayari kubadilishwa na itakachosikia. Isipokuwa tayari, mfumo huo utaongeza tu kasi ya kuwapuuza watu, na wananchi watakaoona kwamba maoni yao hayaendi popote wataacha kujibu, na ukimya wao utahesabiwa kuwa ridhaa. Ikiwa iko tayari, itatenga fedha na watumishi wa kusoma na kujibu kama inavyotenga za kukusanya, itatoa nyaraka kwa lugha zinazosomwa na wakazi, itaendelea kwenda barazani na misikitini na makanisani, na itamrudishia kila aliyeshauri sababu za uamuzi hata pale sababu hizo zitakapomuudhi, kwa maana mtu aliyekataliwa kwa hoja ameheshimiwa kuliko aliyeshukuriwa kwa ujumbe unaojituma wenyewe.