Wimbo wa kwenye mkeka wa bibi

Jana jioni, ndani ya daladala, dereva aliweka wimbo wa mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe. Gitaa lilipoanza tu, nikawa tena kwenye mkeka wa bibi, mbele ya redio ya betri nne. Betri zikichoka, bibi alizianika juani pamoja na mpunga, na jioni redio iliimba tena, kwa sauti ya kukwaruza kidogo. Mpaka leo, wimbo ule ukija bila mkwaruzo naona umepungukiwa kitu.

Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, kabla sijazaliwa. Hata hivyo, naye amenilea. Siku ikiwa nzito, gitaa lake ndilo dawa yangu: mabega yanashuka, pumzi inatulia, nasikia harufu ya moshi wa kuni na chai ya tangawizi. Wakati mwingine machozi hunitoka, na ni machozi matamu.

Wako wewe ni wimbo gani? Utafute usiku huu. Na kama aliyekuwa akikufungulia redio bado yu hai, mpigie simu, muusikilize pamoja.