Uzito Usioandikwa

Nilijaribu kubuni kwenye karatasi manowari nyepesi ya Kijerumani ya mwanzoni mwa karne ya 20. Kila jambo lilikuwa uzito: ukiongeza mizinga, unapunguza makaa, ukiongeza chuma cha sitaha, mwendo unapungua. Hesabu ilipokaa sawa, nilifurahi. Kisha nikaikumbuka Königsberg, iliyoishia katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Mizinga yake 10 ilitolewa, ikaburutwa nchi kavu na Waafrika. Mzigo huo haukuwamo katika hesabu ya mbunifu. Je, analaumika? Hakuweza kuijua njia ya Rufiji, nakubali. Lakini alijua anaunda silaha, na silaha haina mzigo usiomwelemea mtu. Hata hesabu yangu ya kubuni iliwasahau watu hao.