Je, Aijuaye Kweli Afungwe na Kanuni?

Ndugu msomaji, mara nyingi tunapozungumza juu ya utii, tunamfikiria mkosaji na jinsi atakavyorejea katika sheria. Leo napenda tulitazame swali lililo gumu zaidi. Mtu akiwa anaijua kweli, na kanuni ikamzuia kuiandika, je, yampasa aifuate kanuni hiyo? Sitakuletea mfano wa kubuni, bali jambo lililonipata mwenyewe, nalo lingali likiniuma.

Bila shaka unaifahamu Wikipedia, kamusi elezo iliyoanzishwa katika intaneti tarehe 15 Januari 2001. Makala zake huandikwa na watu wa kujitolea, na karibu kila msomaji aweza kuongeza maneno au kuyafuta. Walakini uhuru huo una mipaka. Kanuni zake kuu kuhusu yaandikwayo ni tatu: makala isiegemee upande wowote, kila jambo liweze kuthibitishwa katika chanzo cha kuaminika kilichokwisha kupigwa chapa au kutangazwa, na mwandishi asiingize uchunguzi wake mwenyewe ambao haujatolewa popote. Tena, katika Wikipedia ya Kiingereza, mhariri hatakiwi kutengua kazi ya wenzake katika ukurasa mmoja zaidi ya mara tatu kwa muda wa saa 24.

Siku moja nilisoma humo makala juu ya mahali nilipozaliwa. Mwaka wa kufunguliwa kwa shule yetu ulikuwa umekosewa. Marehemu baba yangu alibeba mawe ya msingi wa shule ile, na mwaka wake alitutajia mara nyingi. Basi nikasahihisha. Kesho yake mhariri nisiyemjua akaurudisha mwaka wa kwanza, akaniandikia kwa upole kwamba umetolewa katika kitabu fulani, nami nilete chanzo changu. Nikamjibu kwamba chanzo changu ni baba yangu. Akasema anaiheshimu kumbukumbu hiyo, lakini wasomaji hawana njia ya kuihakikisha. Nikasahihisha tena, akarudisha tena.

Hapo ndipo nafsi iliponishawishi. Nafundisha katika chuo cha dini, ugenini, nami sikosi wanafunzi. Nikawaita watano, nikawaambia kila mmoja aingie kwa akaunti yake autie mwaka ulio sahihi, ili yule mhariri adhani kwamba wengi wanampinga. Nilijiambia kuwa huo si uongo, maana mwaka wenyewe ni wa kweli. Kijana mmoja, mdogo kuliko wote, akaniuliza kwa adabu: “Samahani, Sheikh. Wakituuliza kama tunajuana, tujibu nini?”

Sikuwa na jibu. Niliwaambia waende zao, nikabaki na aibu yangu.

Sasa tulipime jambo hili. Kwanza, kanuni ile haikuniita mwongo. Ilitambua tu kwamba msomaji hawezi kuuona moyo wangu. Asomaye akiwa Kisumu au Toronto hanijui mimi wala hamjui baba yangu; kwake yeye neno langu na neno la mzushi ni sawa. Mlango ukifunguliwa kwangu kwa kuwa nasema “najua”, hauna budi kufunguliwa kwa kila asemaye “najua”. Wataalamu wa Hadithi waliligundua jambo hili zamani. Hawakutosheka na uzuri wa maneno wala na heshima ya msemaji, bali waliuliza: nani alikuambia, naye aliambiwa na nani?

Na madhara ya mlango ulio wazi yamekwisha kuonekana. Mwezi wa Mei 2005 mtu asiyejitaja jina aliandika katika Wikipedia kwamba John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani, aliwahi kushukiwa kuhusika katika kuuawa kwa John Kennedy na ndugu yake Robert. Huyu Seigenthaler alikuwa amefanya kazi chini ya Robert Kennedy, na alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Uzushi huo ulikaa miezi minne hivi. Kanuni ya kutaka chanzo ilikuwapo, ila hapakuwa na mtu wa kuisimamia katika ukurasa ule. Basi kanuni iliyonizuia mimi nisiandike mwaka mmoja, ndiyo ambayo ingemlinda yeye asivunjiwe heshima.

Pili, kanuni haikumpendelea hata mwenye jambo lake. Mwaka 2012 Philip Roth, mwandishi mashuhuri wa riwaya, alitaka isahihishwe makala juu ya riwaya yake mwenyewe, *The Human Stain*. Alijibiwa kwamba neno lake peke yake halitoshi, na kwamba panahitajika chanzo kingine. Jambo hilo liliwachekesha wengi, naye lilimkera. Lakini alitoa barua ya wazi kupitia gazeti la *The New Yorker*, akieleza kuwa kisa kilichomtia wazo kilimpata rafiki yake Melvin Tumin, profesa wa Princeton. Baada ya hapo maelezo yake yakaingizwa katika makala, kwa kuwa sasa kila mtu aliweza kuyasoma na kuyapima. Njia yake ilikuwa ndefu, lakini aliipita mchana.

Labda utasema: kanuni hizi zimetungwa na wanadamu, nazo zaweza kudhulumu. Naam, ni kweli. Historia ya sehemu nyingi za Afrika Mashariki imehifadhiwa katika vinywa vya wazee, na kanuni inayotaka maandishi huwapendelea waliotangulia kuwa na mitambo ya kupiga chapa. Huo ni upungufu wa haki hasa, wala sitaki kuuficha. Lakini dawa yake ni kuyakusanya maneno ya wazee na kuyachapisha, na kuibishia kanuni mbele ya walioiweka; maana Wikipedia ina kurasa za majadiliano ambamo hata kanuni zenyewe hujadiliwa. Isitoshe, mojawapo ya kanuni zake huruhusu kuiacha kanuni yoyote inayozuia kamusi elezo isiboreke. Lakini aiachaye huonekana, kwa kuwa kila badiliko huhifadhiwa katika historia ya ukurasa. Mimi nilitaka kuiacha gizani, kwa majina matano yaliyokuwa mkono mmoja. Hapo ndipo anapotengana mpinzani mwaminifu na mdanganyifu: wa kwanza hachelei kuonekana na wale anaowapinga.

Nawe uliyeingia katika dini karibuni, au unayeichunguza, siku moja utakuta imani yako imeelezwa visivyo. Utatamani kusahihisha, na ni haki yako. Sahihisha kwa ushahidi, na ukitakiwa kusema wewe ni nani, sema. Kweli inayosaidiwa kwa hila humfanya msikilizaji aishuku hata pale inapokuja bila hila.

Ama mimi, niliwaomba radhi wanafunzi wangu, kisha nikamweleza yule mhariri katika ukurasa wa majadiliano yale niliyokuwa nimekusudia kuyatenda. Alinishukuru. Mwaka wa shule haukubadilishwa, na hadi leo umeandikwa vile vile. Nikijaliwa kufika nyumbani nitautafuta katika daftari za shule, ikiwa mchwa hawajazila. Nikiukosa, itanibidi nivumilie kuliona kosa ninaloliamini kuwa kosa, kwa ajili ya msomaji ambaye hawezi kuniamini kwa neno langu tu.

Mwenyezi Mungu atujalie kuipenda kweli pamoja na njia zake. Amin.