Samaki Naye Ana Masikio

Sisi tukaao Ifakara na bonde lote la Kilombero twala samaki wa mto, nasi twamdhania kuwa kiziwi, kwa kuwa masikio yake hatuyaoni. Sivyo. Muumba amemtilia masikio ndani ya kichwa, na sauti majini yaenda upesi kuliko hewani mara 4 na zaidi. Kambale amezidishiwa: vifupa vidogo vyaunganisha mfuko wake wa hewa na sikio, hata asikia sauti zisizosikiwa na samaki wengi.

Wataalamu wamepima, wakaona ya kuwa kelele za injini za mashua huwashtua samaki: wengine huacha kula, wengine hukimbia, wengine hawatambui adui ajapo. Hapa kwetu ngurumo za kivuko zilikoma daraja lilipofunguliwa mwaka 2018. Lakini wapo wavuvi wapigao maji kwa magongo, ili samaki waliofadhaika wakimbilie nyavuni. Leo kapu hujaa. Bali wakati wa masika, samaki waingiapo mbugani kuzaa, tukiwafukuza hata huko, watoto wetu watavua nini?

Tulipewa kuwatawala viumbe, si kuwaonea. Kumbukeni Eliya kule Horebu: Bwana hakuwamo katika upepo, wala tetemeko, wala moto, alisikiwa penye utulivu. Basi, ndugu wavuvi, wekeni magongo chini, mazalio yapate kutulia. Apendaye kelele humnyima mwenziwe kusikia, naye mwenyewe hasikii.