Si Kitasa, Ni Bawaba

Masomo: 1 Wafalme 7:50, Mathayo 5:23-24



Mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imekolea, mke wangu alisimama nje ya mlango wetu wa mbele saa nne usiku, mtoto mgongoni na ufunguo mkononi. Mlango ukakataa kufunguka. Mimi nilikuwa hapa kanisani naongoza kesha, simu nimeizima. Na nakumbuka vizuri tulichoombea usiku ule: milango. Mungu afungue milango ya kazi, milango ya ndoa, milango ya biashara. Watu wakasema amina mpaka mabati yakatetemeka. Wakati huo mke wangu amekaa kwa jirani, mtoto amefunikwa leso ya kuazima, mpaka mume wa jirani akaja akausukuma mlango kwa bega.

Nilipofika alfajiri hakunipigia kelele. Alisema tu, "Nilikuambia kuhusu huu mlango mara nne." Kisha akaenda kujitayarisha kwenda kazini.

Ni kweli, aliniambia. Na mimi nilisema nitashughulikia. Nilisomea biashara chuo kikuu; naweza kukukalia hapa nikueleze habari ya uchakavu wa mali na gharama ya kuahirisha matengenezo. Lakini kwangu nyumbani nilikuwa nimemimina mafuta ya kupikia kwenye tundu la ufunguo, basi, nikajiona nimemaliza kazi.

Siku hiyo hiyo nikamwita fundi wa mtaani, mzee wa watu. Nikamwambia, "Mzee, nataka kitasa kipya." Hakujibu. Aliufungua mlango wazi kabisa, akatia ufunguo, akauzungusha. Ulizunguka laini kama siagi. Akaurudisha mlango, akajaribu tena: umekwama. Akashika mpini, akauinua mlango kidogo tu, na ufunguo ukazunguka.

"Pasta," akasema, "umekitesa bure. Kitasa hakina makosa. Mlango umeshuka."

Akanionyesha rangi iliyochubuka pembeni juu, upande wa kitasa, na mkwaruzo sakafuni. Akanionyesha bawaba ya juu: kati ya skrubu nne, mbili zilikuwa zinacheza. Mlango wa mbao ni mzito, na bawaba ya juu ikilegea, mlango wote unainama. Basi ule ulimi wa kitasa badala ya kuingia kwenye tundu lake unagonga kibati cha fremu, chini ya tundu. Unaona kitasa kimekwama, kumbe shida iko upande wa pili kabisa, juu, mahali ambapo huwa huangalii.

Mpendwa, hapo nilinyamaza. Kwa miezi kadhaa mimi na mke wangu tulikuwa tukikwaruzana. Leo ni tokeni za stima. Kesho ni nani atampeleka mtoto kliniki. Keshokutwa ni simu yangu mezani wakati wa chakula. Kila jambo tulilitia mafuta kidogo, tukaendelea. Hatukuwahi kuuliza ni nini kimelegea.

Nitakuambia kilicholegea. Januari tulikubaliana kwamba Jumatatu jioni ni ya nyumbani: tunakula pamoja, tunaongea, tunaomba. Februari nikaweka kikao cha kamati Jumatatu moja. Kisha nyingine. Hakuna aliyeona, maana skrubu hailegei kwa kishindo.

Nikamwambia fundi, basi kaza hizo skrubu. Akajaribu moja mbele yangu, ikazunguka bure. Tundu limeshalika, mbao haishiki tena. Wapendwa, ndivyo neno "pole" linavyokuwa ukilirudia mara ya tano kwenye tundu lile lile. Linazunguka tu.

Fundi alitia kabari chini ya mlango kuuinua, akatoa skrubu, akachukua vijiti vya kiberiti, akavichovya kwenye gundi ya mbao, akavisokomeza kwenye tundu mpaka likajaa. Akaacha gundi ikauke. Ndipo akarudisha skrubu, na moja akaibadilisha kwa ndefu zaidi, ishike mbao ngumu ya ndani. Tundu lazima lijazwe kwanza, halafu ndipo ukaze. Nami nilimwendea Mchungaji Kiongozi nikamweleza ukweli, nikatoka kwenye kamati ya Jumatatu. Haikuwa rahisi, niliipenda ile kamati. Lakini hicho ndicho kijiti nilichokuwa nacho.

Nilimuuliza pia fundi, kwa nini tusichonge tu ule upande wa fremu, tupanue tundu? Akacheka. "Utachonga leo, mwezi ujao utashuka tena. Utachonga mpaka lini?" Wengine wetu tumekuwa tukichonga watu wa nyumbani kwetu ili walingane na kuinama kwetu.

Somo letu linasema kwamba Sulemani alipoijenga nyumba ya Bwana, hata bawaba za milango zilikuwa za dhahabu. Fikiria hilo. Anayeingia hekaluni anatazama mlango, haangalii bawaba. Lakini kwa Mungu sehemu inayobeba uzito haikuwa ya kufanywa ovyo kwa sababu imefichika. Naye Bwana Yesu anatufundisha kwamba ukiwa umeleta sadaka madhabahuni, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda mkapatane kwanza. Mimi nilikuwa madhabahuni, na mwenye neno juu yangu alikuwa kwenye mvua.

Wiki hii, mahali unapokwama, usikimbilie kubadilisha kitasa. Usiseme ni mke, ni mume, ni mtoto, ni mwenzako wa huduma. Inua mlango kidogo uone. Uliza, ni ahadi gani niliilegeza? Na ukiipata, usiseme pole tupu; tia kitu ndani ya hilo tundu.

Kitasa ni kile kile cha zamani. Juzi nilikuwa kitandani nikasikia mke wangu anaingia usiku kutoka kazini. Ufunguo ulizunguka mara moja.

Tuombe: Baba, tuonyeshe palipolegea kabla hatujamlaumu mtu. Tupe unyenyekevu wa kupajaza, na uvumilivu wa kungoja gundi ikauke. Katika jina la Yesu, amina.