Kiboko Asiyemtumikia Mtu

Mimi ni Mnchari wa Gusii, na mnyama wa ukoo wetu ni kiboko, engubo. Sokoro, yaani babu, alitufundisha kumheshimu, ingawa huku Suneka kiboko hayupo tena: mahindi na migomba vimefika hadi kingo za mito. Watoto wetu wanamjua kiboko wa jiwe la Tabaka, aliyechongwa na kung'arishwa ili auzwe.

Nilimwona aliye hai nilipovuka kwa mashua hadi kisiwa cha Ndere katika Ziwa Victoria, upande wa Kisumu. Ni hifadhi ya taifa tangu 1986, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4.2 tu. Swala pala walikuwa wakila nyasi mteremkoni, na furukombe akiita juu ya mti mkavu. Karibu na matete viboko wakaibuka, masikio na pua tu, wakapumua kwa kishindo, wakazama. Mwenye mashua alikaa mbali nao.

"Mwalimu, hawa huvunja mashua na kuua watu," akaniambia. "Mungu aliwaumbia nini?"

Ni swali zito, maana wavuvi wamezika ndugu zao. Ayubu naye alizika watoto, akadai jibu. Mungu hakumweleza sababu ya msiba wake. Alimwonyesha punda-mwitu asiyebeba mzigo wa mtu, mbuni anayeacha mayai mchangani, na pia kiboko, ambaye Biblia yetu ya Kiswahili inasema aliumbwa pamoja na mwanadamu. Hao hawakamuliwi wala hawalimi, na Muumba anawajivunia.

Jibu naliona humo. Dunia haikuumbwa kwa kipimo cha haja zetu. Anayehesabu kila kiumbe kwa faida yake, siku ya msiba atamhesabu Mungu vivyo hivyo, na kumwacha. Anayekubali kwamba kiboko analishwa na Mungu bila idhini yetu anaweza kulia kwa uchungu na bado akamwamini.

Imani hiyo ina wajibu. Mto Gucha unaanzia vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, na kuingia katika ziwa hilohilo. Sisi tumepanda mikaratusi kwenye chemchemi zake na kulima hadi majini. Ndugu zangu wa Gusii, ng'oeni mikaratusi ya kando ya mto, mwache ukanda wa matete hata kama hauwaletei shilingi. Viumbe walio upande wa chini wa mto wana haki ya maji hayo kama sisi.